Unyevu ndani ya kopo la plutoni: yanayosemwa na yalivyo

Wapo wanaosema unga wa plutoni, metali ya nyuklia yenye mionzi, ukishapita tanurini umeshakauka, kwa hiyo hakuna cha kupima. Huko Marekani unga huo, yaani oksidi ya plutoni (plutoni iliyoungana na oksijeni), huchomwa kwa nyuzi 950 za Selsiasi, saa 2 au zaidi, kabla ya kufungiwa kwa miaka 50. Hukauka kweli. Ila ikipoa huanza kunyonya mvuke wa hewani, kama chumvi iliyoachwa wazi mjini Tanga. Ndiyo maana unyevu hautakiwi kufika asilimia 0.5 kopo linapofungwa.

“Nusu asilimia si kitu.” Mkulima anayeuza mahindi yenye unyevu wa asilimia 13.5 atacheka tu. Haya, tupige hesabu: kopo hubeba hadi kilo 5, na nusu asilimia yake ni gramu 25 za maji, yaani vijiko 5 vya chai. Plutoni hutoa chembe za alfa, aina ya mionzi yenye nguvu, usiku na mchana, nazo hupasua maji na kuachia hidrojeni. Yakipasuka yote, hidrojeni hiyo hupita lita 30, ndani ya chuma cha pua kilicholehemiwa kisipitishe hata pumzi. Kwa kawaida hayapasuki yote, lakini miaka 50 ni mingi.

Dhana iliyoshika mizizi kuliko zote ni kwamba kipimo cha nyutroni, chembe ndogo za ndani ya atomu zisizo na chaji ya umeme, huona maji. Kinachoonwa na kipimo hicho ni hidrojeni. Nyutroni ina uzito karibu sawa na kiini cha hidrojeni, hivyo wakigongana hupoteza mwendo wake mwingi, kama gololi iliyogonga gololi mwenziwe. Mfuko wa plastiki nao una hidrojeni. Ukiwemo, utasomeka kama maji. Isitoshe, plutoni yenyewe hutoa nyutroni, na kutafuta alama ya maji kidogo humo ni sawa na kusikiliza mnong'ono katikati ya Kariakoo.

Eksirei je? Kule Savannah River, kituo cha nyuklia cha serikali ya Marekani kilichoko South Carolina, huitumia kuangalia kama kifuniko cha kopo la ndani kimetuna, maana makopo hufungwa moja ndani ya jingine. Hiyo ni dalili ya shinikizo la gesi. Unyevu wenyewe hauonekani.

Basi si heri kuchoma sampuli na kupima uzito uliopungua? Hata hapo kuna mtego: kwenye nyuzi 1000 chumvi za kloridi, zilizomo kwenye baadhi ya unga huo, nazo hugeuka mvuke na kuruka, na mizani huzihesabu kama maji.