Kofia mbili za Stelian Moculescu

Kila timu ya taifa ya mpira wa wavu inapotangazwa, simu yangu haikosi kuita. Anayepiga ni kocha mwenzangu, au mzazi wa mchezaji aliyeachwa, na lawama ni ileile: kocha wa klabu kapewa timu ya taifa, sasa kajaza watoto wake wa nyumbani. Nimefundisha mchezo huu muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingine lawama hiyo ina ukweli. Lakini huwa namwomba anayenipigia anipe dakika kumi nimsimulie habari za mzee mmoja wa Ujerumani aliyevaa kofia hizo mbili kuanzia 1999 hadi 2008.

Anaitwa Stelian Moculescu. Jina lenyewe linakuambia kwamba kitovu chake hakikuzikwa Ujerumani. Alizaliwa mwaka 1950 Brașov, Romania, mji uliozungukwa na milima. Mwaka 1972, akiwa na miaka 22, alifika München na timu ya taifa ya Romania kucheza Olimpiki. Romania ilimaliza ya tano. Timu ikarudi nyumbani kwa dikteta Ceaușescu, yeye akabaki Ujerumani Magharibi. Akaendelea kucheza huko, kisha akahamia kwenye benchi, akazunguka klabu za eneo la München, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akapewa timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi kwa muda.

Kabla hatujaondoka München, weka jambo moja kichwani. Kwenye Olimpiki hiyo Wajerumani walikuwa na timu mbili. Ujerumani Mashariki ilifika fainali ikafungwa na Japani, ikachukua fedha. Ujerumani Magharibi, waliokuwa wenyeji, walimaliza wa 11 kati ya timu 12. Baada ya hapo wanaume wa Ujerumani, wa upande wowote ule, hawakuonekana tena kwenye wavu wa Olimpiki kwa miaka 36. Tutarudi hapo.

Mwaka 1997 Moculescu alichukua VfB Friedrichshafen. Friedrichshafen ni mji mdogo kando ya ziwa Bodensee, ukitazama ng'ambo unaiona Uswisi. Wajerumani wanaujua kwa mambo ya viwanda: hapo ndipo Zeppelin alipojenga vyombo vyake vya angani, na hapo ndipo kilipozaliwa kiwanda cha gia cha ZF, ambacho jina lake lilikuja kuwekwa kwenye ukumbi wa wavu wa mji huo. Si mji wa kuutarajia utawale mchezo. Lakini msimu wake wa kwanza tu alichukua ubingwa wa 1998, na alipoondoka 2016 kabati lilikuwa na makombe 13 ya ligi: matano mfululizo kuanzia 1998 hadi 2002, saba mfululizo kuanzia 2005 hadi 2011, na moja la 2015.

Zingatia pia alianza kushinda wakati gani. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, timu ilipata pointi ikiwa tu yenyewe ndiyo iliyoanzisha mpira, na seti iliishia 15. Halafu ikaja sheria ya sasa: kila mpira ukifa, mtu anapata pointi, na seti inakwenda hadi 25. Wakati huohuo akaingia libero, mlinzi wa nyuma, yule mwenye jezi ya rangi tofauti asiyeruhusiwa kushambulia mpira ulio juu ya wavu. Makocha wengi waliolelewa na sheria ya zamani walibaki wakifundisha uvumilivu, kwa sababu zamani ukikosea wakati wewe ndiye uliyeanzisha mpira, ulikuwa unapoteza zamu tu. Siku hizi kosa lolote ni pointi ya mwenzako. Mzee huyu alikuwa amezoea ya kale kwa robo karne, lakini mabadiliko hayakumwangusha. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko hata hesabu ya makombe.

Sasa, kofia mbili. Mwaka 1999 akapewa timu ya taifa ya Ujerumani, ambayo sasa ilikuwa moja, huku akiwa bado na Friedrichshafen. Kwenye soka jambo hilo ni karibu haliwezekani, maana timu ya taifa inakatiza ligi kila baada ya wiki kadhaa. Kwenye wavu kalenda imegawanyika vizuri zaidi: ligi ya Ujerumani inachezwa tangu vuli hadi Aprili au Mei, kisha majira ya joto yanabaki ya timu za taifa. Kocha anatoka kwenye fainali ya ligi, anabadilisha fulana, anaingia kambini. Likizo haipo.

Faida yake ni nini? Hapa niruhusu nitoke Ujerumani kidogo, kwa sababu mimi nililielewa jambo hili kwa kuaibika.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa timu ya mkoa ya wavulana wa sekondari. Seta wangu, yaani mpangaji anayewatengea wapigaji mipira, alitoka shule moja, mpigaji wangu wa kati shule nyingine, wote wazuri kuliko wenzao. Nilitaka wacheze mpira mfupi. Kwa asiyejua: kwenye mpira mfupi mpigaji wa kati hasubiri mpira upae juu halafu ndipo aruke. Anaruka mpira ukiwa unaingia mikononi mwa seta, na seta anautoa kuelekea kiganja ambacho tayari kiko hewani. Bloku ya wapinzani, ule ukuta wa mikono juu ya wavu, haina muda wa kufika. Ukifanikiwa ni kitu kizuri ajabu. Siku ya kwanza kijana wangu aliruka, mpira ukampiga kwenye kiwiko. Siku ya tatu seta akaamua kuupandisha zaidi ili amsaidie, mwenzake akawa ameshaanza kushuka. Siku ya tano walikuwa hawasalimiani. Mkono mmoja ulikuwa umezoea kuutoa mpira mapema, mwingine umezoea kuusubiri, tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho. Tulikuwa na siku kumi za kambi. Nikaufuta mpira mfupi kwenye mpango, tukacheza mipira mirefu ya pembeni, tukafungwa na kila aliyekuwa na bloku ndefu.

Kocha wa taifa ana tatizo langu lilelile kila kiangazi, kwa kiwango kikubwa zaidi. Moculescu alilipunguza kwa sababu miguu na mikono ya baadhi ya wachezaji wake alikuwa nayo tangu Oktoba. Seta Simon Tischer alikuwa Friedrichshafen. Jochen Schöps, mpigaji wa upande wa kulia anayesimama mkabala na seta kwenye mzunguko, naye alikuwa Friedrichshafen. Walipofika timu ya taifa hawakuanza kutambulishana.

Mwaka 2007 ndipo ilipoonekana. Friedrichshafen walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya iliyochezwa Moscow, wakaifunga Tours ya Ufaransa seti 3-1. Schöps akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Ilikuwa klabu ya kwanza ya Ujerumani kutwaa taji hilo tangu lilipoanza kuitwa Ligi ya Mabingwa. Mwaka 1964 SC Leipzig ya Ujerumani Mashariki ilishinda kombe la Ulaya lililokuwepo kabla ya Ligi ya Mabingwa, na wanaoisahau wanawakosea haki wazee wale. Msimu huohuo Friedrichshafen wakabeba na ligi na kombe la Ujerumani. Makombe matatu, mji mdogo wa ziwani, pesa zisizofikia za Waitaliano na Warusi.

Wanaonipigia simu wakifika hapa wanafurahi wakidhani nimemaliza, kwamba kofia mbili ni dawa. Bado. Baada ya ushindi ule Schöps akaenda Urusi, Odintsovo, na Tischer akaenda Ugiriki. Stefan Hübner, mtu wa kati aliyekuwa nguzo ya timu ya taifa, alikuwa ameshacheza Italia kwa miaka. Kwa hiyo timu iliyofuata haikuwa Friedrichshafen iliyovalishwa jezi ya taifa. Na ndiyo ninavyoona mimi: kofia mbili zina maana pale klabu inapokuwa shule. Kocha anawapika vijana nyumbani miaka minne, mitano, kisha anawaachia waende kwenye ligi kubwa, na wakirudi kiangazi bado wanasikia sauti moja. Ukiwa na klabu isiyolea mtu, inayonunua tu waliokwisha kuiva, kofia ya pili ni upendeleo na hao wanaolalamika wana haki yao.

Gharama nazo zipo. Mwaka 2003 na 2004, katikati kabisa ya kipindi hicho, ubingwa wa Ujerumani ulikwenda Berlin. Sitadai kofia ndiyo iliyosababisha, ila kocha asiyepumzika anawachosha na wachezaji wake wasiopumzika. Na yeye hakuwa kocha mpole. Sauti yake pembeni ya uwanja ilijulikana Ujerumani nzima.

Mei 2008 Wajerumani waliandaa mashindano ya kufuzu mjini Düsseldorf. Walikuwemo Kuba, na walikuwemo Wahispania waliokuwa mabingwa wa Ulaya wa mwaka uliotangulia. Nafasi ilikuwa moja. Ujerumani ikaichukua. Yaani kijana aliyekuwa uwanjani München mwaka 1972 akivaa jezi ya Romania ndiye aliyewarudisha Wajerumani kwenye Olimpiki, wakati wachezaji wake wengi hawakuwa wamezaliwa ilipochezwa ile ya mwisho.

Kule Beijing hawakufanya maajabu. Kundi lilikuwa na Brazil, Urusi, Poland, Serbia na Misri, yaani ukiacha Misri hakuna pa kupumulia. Waliifunga Misri, wakapoteza nyingine, wakamaliza wa 9. Baada ya michezo hiyo akavua kofia ya taifa akabaki na klabu. Mwaka 2012 Wajerumani walikuwa London wakiwa na Mbelgiji Vital Heynen, wakamaliza wa 5, na mwaka 2014 wakachukua shaba ya dunia Poland. Hübner, aliyekuwa naye Beijing, mwaka huohuo wa 2014 alianza kufundisha Lüneburg, timu iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia ligi kuu.

Nyumbani mambo yakawa magumu pia. Berlin wakachukua ligi 2012, 2013 na 2014. Mzee akajibu 2015, kisha 2016 akaaga. Aliyepokea Friedrichshafen alikuwa Heynen yuleyule.

Mapema 2018 Berlin walikuwa wanayumba, msimu unaelekea kuwaponyoka, wakampigia simu mstaafu wa miaka 67. Akakubali, miezi michache tu, klabu moja, bila timu ya taifa. Fainali ya ligi ikawakutanisha na Friedrichshafen ya Heynen. Mzee akachukua ubingwa, dhidi ya klabu ambayo makombe yake yote 13 ya ligi aliyaweka kabatini kwa mkono wake.