Mfadhili wa mtoto hatumi hela nyumbani

Kasulu au Ujiji, mkoani Kigoma, mtoto wa jirani akipata mfadhili, kijiweni utasikia: "Wale wameula, mzungu anawarushia hela kila mwezi." Hapana. Kwenye simu ya mama yake hakiingii chochote. Mchango unakwenda kwenye shirika. Shirika la Compassion, kwa mfano, humhudumia mtoto kupitia kanisa la karibu. Shirika la World Vision huchanganya michango ikafanya miradi ya eneo zima. Tunachokiona sisi ni barua na zawadi ya Krismasi, basi tunahesabu hivyo tu.

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, ila sare, viatu na madaftari bado ni vya mzazi. Mzazi akipunguziwa hapo na shirika, hela anayopata kwa kuuza mawese haiishii yote dukani, inabaki ya kuweka. Ndipo kikundi cha kuweka na kukopa kinapopata maana: akina mama chini ya mwembe, sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Kila mmoja ananunua hisa, kisha mwenye shida ya mtaji anakopa akanunue chikichi za kukamua. Anarudisha na riba.

Mwaka 2013 mchumi Bruce Wydick na wenzake walichapisha utafiti wa nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo, kuhusu waliofadhiliwa na Compassion. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma zaidi ya wasiofadhiliwa kwa mwaka 1 hadi karibu mwaka 1 na nusu, na ukubwani walipata zaidi kazi za mshahara.