Cheti cha Nasaba si Cheti cha Daktari

Tangu mwaka huu uanze, kliniki yetu ya magonjwa ya neva imekuwa ikipokea wagonjwa wanaokuja na bahasha mkononi. Ukiifungua huoni picha ya MRI wala majibu ya damu. Unaona cheti cha nasaba, karatasi ya majibu ya kipimo cha jeni yenye duara la rangi: asilimia fulani Mniloti, asilimia fulani Mbantu, na kipande chembamba kilichoandikwa Ulaya. Mgonjwa anaweka kidole kwenye kile kipande na kuuliza, "Daktari, ndicho hiki kinachoniua miguu?" Wengine wameshatozwa fedha mara mbili, kwanza za kipimo, kisha za vidonge vya "kutuliza jeni". Malalamiko yamezidi, ndiyo maana tumeombwa tuandike.

Jibu ni hapana. Karatasi hiyo haisemi unaumwa nini, na hakuna kidonge cha kutuliza jeni.

Hata hivyo swali lenyewe lina msingi. Nasaba ina mchango wake katika magonjwa ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia ubongo, uti wa mgongo au neva za macho. Uliochunguzwa zaidi ni maltipo sklerosisi, ambao nitauita MS kama tunavyouita wodini. Unakadiriwa kuwapata watu milioni 2.9 duniani, na kaskazini mwa Ulaya ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi. Januari 2024, jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliolinganisha DNA ya mifupa ya kale na ya Wazungu wa leo. Walikuta kwamba jeni zinazoongeza hatari ya MS, hasa ile ya kundi la HLA, yaani jeni zinazoiongoza kinga ya mwili, inayoandikwa DRB1*15:01, zilienea miongoni mwa Wayamnaya, wafugaji wa nyika za Ukraine na Urusi ya leo, ambao kizazi chao kiliingia Ulaya miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Maelezo wanayoyapendekeza ni kwamba jeni hizo ziliwakinga na vijidudu walivyovipata kwa kuishi karibu na mifugo.

Mtu wa Uganda hahitaji kwenda mbali ili alielewe jambo hili, maana tunayo selimundu. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa walikuwa na jeni moja ya selimundu, na sehemu za kaskazini kiwango kilikuwa juu zaidi. Jeni hiyo ikiwa moja humkinga mtoto na malaria kali. Zikiwa mbili, mtoto anaugua. Jeni ya wafugaji wale nayo imepitia njia inayofanana: mifugo imeondoka nyumbani pamoja na vijidudu vyake, kinga kali imebaki bila adui wake wa zamani.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mwenye DRB1*15:01 ana hatari ya MS takriban mara tatu ya asiyekuwa nayo, na mara tatu ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo. Pacha wa kufanana wana DNA ile ile, lakini mmoja akipata MS, mwenzake huupata katika takriban jozi moja kati ya nne tu. Kama jeni zingekuwa hukumu, wote wawili wangeugua kila mara.

Sehemu inayobaki ni ya mazingira, na katika mazingira hayo kuna kirusi ambacho historia yake ilianzia hapa Mulago, hospitali ya taifa jijini Kampala. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa hapa. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, Anthony Epstein akamsikiliza, akaomba sampuli zitumwe kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya, ambacho leo tunakiita Epstein-Barr. Miongo mingi baadaye, mwaka 2022, watafiti wa Harvard waliofuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kuwa hatari ya MS hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi hicho hicho. Kwetu karibu kila mtoto hukipata akiwa mdogo kabisa, na MS ni nadra. Katika nchi tajiri wengi hukipata wakiwa vijana, na wale wanaougua homa yake ya ujana ndio wenye hatari zaidi. Kirusi ni kilekile. Inaonekana umri wa kukutana nacho una uzito.

Baada ya hayo ningependa tuache kabisa kusema kwamba MS ni "ugonjwa wa Wazungu". Ninaisikia kauli hii kila juma, na si kwa wananchi peke yao. Naisikia kwa wahudumu wa afya. Mwaka 2013 utafiti wa kusini mwa California ulikuta wanawake weusi wakipata MS kwa kiwango cha juu kuliko wanawake weupe wa eneo lile lile. Mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa sababu ya rangi yake.

Tena kuna ndugu yake MS, ambao sisi watu wa asili ya Afrika tunao zaidi. Unaitwa nyuromailitisi optika, kwa ufupi NMO. Kingamwili zake, yaani protini ambazo kinga hutumia kushambulia, ziligunduliwa mwaka 2004 katika Mayo Clinic, Marekani, na hushambulia protini ya akuaporini-4 iliyo katika uti wa mgongo, neva za macho na shina la ubongo. Kwa watu weupe hukadiriwa kuwa mgonjwa 1 kwa kila watu 100,000. Katika jamii za asili ya Afrika, kama ya kisiwa cha Martinique, makadirio hufika 10. Wengi mno ni wanawake.

Nakumbuka mama mmoja kutoka upande wa Busoga. Alianza na kwikwi. Kwikwi ile haikukoma kwa wiki tatu, ikaambatana na kutapika, akatibiwa vidonda vya tumbo. Ikapoa yenyewe. Miezi miwili baadaye jicho la kulia likafifia na kuuma kila akilizungusha, akaandikiwa miwani. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi kutoka chini kupanda hadi kifuani, mkojo ukagoma. Wifi yake akasema ni mtu amemfanyia, wakazunguka kwa waganga hadi mbuzi wakaisha. Alipofika kwetu alikuwa amebebwa mgongoni na mwanawe. Mumewe, mzee mpole, aliniambia, "Daktari, huu ugonjwa kwetu katika ukoo haupo." Nilimwamini. NMO kwa kawaida hautembei katika ukoo, na kutokuwepo kwake hakumpi mtu kinga yoyote. Kwikwi na kutapika kusikokoma, kisha jicho, kisha miguu: mfululizo huo ukiutambua mapema unaokoa macho na miguu ya mtu.

Kuutofautisha na MS si ubishi wa wasomi. Dawa kadhaa za MS, zikiwemo interferoni beta, natalizumabu na fingolimodi, zinaweza kuuchochea NMO. Ndiyo maana mtu aliyeletewa dawa ya MS na jamaa yake aliye ughaibuni, eti kwa sababu cheti cha nasaba kimesema ana damu ya Ulaya, anaweza kupofuka kwa dawa hiyo.

Na tukiwa kwenye ukoo: kwetu ukoo hufuata baba, na watu hawaoani ndani ya ukoo mmoja. Kwa hiyo nusu ya jeni zako zimetoka katika ukoo mwingine, na robo ya upande wa bibi zimetoka kwingine tena. Jina la ukoo, kama Ngabi au Mmamba, halina habari za HLA yako. Utafiti wa Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, uliochapishwa mwaka 2019, ulipima jeni za watu 6,400 na kuisoma jenomu nzima ya watu 1,978. Ndani ya eneo hilo moja la vijijini ulikuta michanganyiko ya nasaba za pande nyingi, hata za Eurasia. Kile kipande chembamba cha Ulaya kwenye duara lako si ajabu yoyote.

Wenzetu wa kaskazini wana funzo lao la uchungu. Ugonjwa wa kutikisa kichwa, lucluc kwa Kiacholi, uliwaangukia watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo. Watu walisema ni mizimu ya vita, ni chakula cha kambini, ni damu ya Waacholi. Lakini ugonjwa huo huo uko Mahenge, Tanzania, kwa Wapogoro, na Mundri, Sudan Kusini, kwa Wamoru. Hayo ni makabila matatu yasiyo na nasaba moja. Kinachowaunganisha ni mito yenye kasi na inzi weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa wa minyoo unaopofusha. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba kingamwili zinazopambana na mnyoo wa usubi huenda zinashambulia pia protini ya neva iitwayo leiomodini-1. Wengine wanatazama uharibifu wa aina tofauti ndani ya ubongo, na mjadala unaendelea. Kilicho wazi ni kwamba tangu mwaka 2012, mito iliponyunyiziwa dawa na ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, ikatolewa mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya walikoma. Hakuna aliyebadilisha damu ya Mwacholi.

Sasa taratibu, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Anayechukua mate au damu yako ili asome jeni anakusanya data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Anatakiwa awe amesajiliwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Lazima apate ridhaa yako baada ya kukueleza data ni za kazi gani na nani atazipata. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Ukitaka aache kuzitumia, mwandikie barua, weka nakala na tarehe ya kupokelewa. Ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi kwamba ametii au kwa nini hakutii. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Ofisi hiyo, ukiambatanisha nakala ya barua, risiti na fomu ya ridhaa. Kupata au kutoa data binafsi za mtu kinyume cha sheria kuna faini, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni ikitiwa hatiani, mahakama inaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Kuuza data ni kosa pia. Utafiti una masharti zaidi: idhini ya kamati ya maadili, idhini ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mkataba wa kuhamisha sampuli kabla haijavuka mpaka. Ukiambiwa "ni utafiti", omba uone nambari ya idhini. Mtafiti wa kweli hatakasirika.

Kwa mwenye dalili, njia ni ile ile ya kituo cha afya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha bingwa wa neva. Njoo na daftari lako la matibabu na orodha ya dawa ulizotumia, za hospitali na za mitishamba; hatutamgombeza mtu. Tutapima kwanza VVU, kifua kikuu cha uti wa mgongo, upungufu wa vitamini B12, na kwa waliooga au kuvua katika Ziwa Victoria, Ziwa Albert au Nile, kichocho, kwa sababu hivi vyote huweza kufanana na NMO na vina tiba yake. Kifua kikuu na minyoo lazima viangaliwe pia kabla ya steroidi, dawa kali za kutuliza kinga, vinginevyo dawa inaviamsha. Tukiridhika, steroidi iitwayo methilprednisoloni hutolewa kwa mshipa siku 3 hadi 5, kisha vidonge vya kutuliza kinga, kama azathioprini, kwa miaka.

Aliyefifia jicho, au miguu yake ikafa ganzi kwa siku chache, asingoje tarehe ya miadi. Mwambie muuguzi wa mapokezi maneno hayo hayo, na umtajie siku ilipoanza.