Nanasi la Kibuye na ile namba 1.618

Ukinunua nanasi soko la Kibuye hapa Kisumu, usilimenye kwanza. Fuata kwa kidole mistari ya macho yake inayopanda kwa kujizungusha. Mara nyingi ukielekea kulia utahesabu 8, kushoto 13, au kinyume chake. Gawa 13 kwa 8 upate 1.625, jirani kabisa na uwiano wa dhahabu, 1.618 (kata mstari vipande viwili ili mzima kwa kirefu uwe sawa na kirefu kwa kifupi). Hapo ndipo maneno huanza: watu huihusisha namba hii na mambo mengi. Tazama dhana tatu potofu.

Dhana: keosi (mwendo ambao tofauti ndogo mwanzoni huugeuza kabisa), frakitali na uwiano wa dhahabu ni siri moja.
Hapana. Frakitali, jina alilolibuni mwanahisabati Benoit Mandelbrot mwaka 1975, ni umbo ambalo kila ukilisogelea linakuonyesha kona mpya. Tazama ufuo wa Ziwa Victoria: wapo wanaoandika takribani kilomita 3,440, wengine zaidi ya 7,000. Kipimo kifupi huingia kila ghuba ndogo, kirefu huruka. Hapo 1.618 haina kazi.

Dhana: keosi ni mambo kwenda ovyo.
Kanuni zipo, tena kali. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz aliipa kompyuta 0.506 badala ya 0.506127, na hali ya hewa aliyokuwa akiikokotoa ikashika njia nyingine kabisa.

Dhana: uwiano wa dhahabu huzaa keosi.
Ni kinyume, na hapa ndipo panaponisisimua. Mizunguko miwili, tuseme ya sayari mbili, ikipatana kwa 1 kwa 2, au 2 kwa 3, misukumo midogo huangukia palepale kila mara, kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Hujumlishana mpaka mwendo unavurugika. Sasa, 1.618 ndiyo namba ngumu kuliko zote kuikaribia kwa sehemu za namba nzima ndogo. Misukumo haipati pa kurundikana. Mwaka 1979 mwanafizikia John Greene, akikokotoa mfumo mmoja rahisi kwa kompyuta, aliona mizunguko ikivunjika mmoja baada ya mwingine, na wa uwiano wa dhahabu ukawa wa mwisho kusalimu amri. Kiungo cha kweli kati ya keosi na namba hii ni hicho.

Wengine huitafuta namba hii hata kwenye magamba ya konokono, lakini mengi hayaifuati. Kila aina hujizungusha kwa uwiano wake.

Ila nanasi linaifuata, kwa sababu ileile ya kutopatana. Kila jicho huchipuka karibu nyuzi 137.5 kutoka lililotangulia, hivyo hayapangani wima moja juu ya jingine, na nafasi haipotei.