Nilichosikia mtoto akitoa 178 kwenye 403

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima. Siku chache baadaye shule yetu ikafungwa. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na wakati huo ndiye niliyekuwa nikisimamia taaluma, kwa hiyo swali la "sasa tunafundishaje?" liliishia mezani kwangu.

Tulianza kwa kosa. Tulichukua ratiba ya darasani tukaihamishia kwenye kompyuta vilevile ilivyokuwa, vipindi saba kwa siku, kila mtoto mbele ya skrini. Haikumaliza juma. Nyumba yenye watoto watatu ilikuwa na simu moja, na simu hiyo huondoka asubuhi na mzazi. Bando liliisha katikati ya somo. Waliobaki hewani walizima kamera, tukawa tunafundisha visanduku vyeusi. Wala hatukuwa peke yetu: mwezi Agosti mwaka huohuo UNICEF ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali, iwe kwa redio, televisheni au intaneti.

Tulichofanya baada ya hapo kilikuwa kazi ya kuchosha, lakini cha maana. Walimu wa darasa waligawana majina wakapigia kila familia simu, wakiuliza maswali matatu tu: nyumbani kuna kifaa gani, kinapatikana saa ngapi, na nani yupo karibu na mtoto. Majibu ndiyo yaliyopanga ratiba mpya. Masomo ya moja kwa moja yalibaki mawili kwa juma. Yaliyosalia yalipita kwenye vitini vya karatasi, ambavyo wazazi walivichukua getini kila Jumatatu, na kwenye ujumbe wa sauti usiozidi dakika tatu katika kundi la WhatsApp la darasa. Sauti hula bando dogo kuliko video, na mzazi akirudi jioni mtoto anaweza kuisikiliza mara nne akitaka.

Njia hii si ngeni hata kidogo. Mwaka 1937, ugonjwa wa polio ulipochelewesha kufunguliwa kwa shule za Chicago, masomo yalirushwa redioni na magazeti yakachapisha ratiba na maswali. Ebola ilipofunga shule za Sierra Leone mwaka 2014, redio ilitumika tena. Kufikisha somo kwa mtoto aliye mbali ni jambo linalowezekana. Kazi ngumu zaidi ni kujua kilichompata mtoto baada ya somo kumfikia.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Darasani mwalimu hapiti kati ya madawati bure. Anaona kalamu iliposimama, anaona mkono ukifuta, anajua aliyekwama kabla hajasema. Simu haikupi hayo; inakupa picha ya daftari. Tena mara nyingi ni daftari safi kupita kiasi, kwa sababu dada mkubwa amesaidia.

Mwanafunzi mmoja alinitumia hesabu ya 403 kutoa 178, jibu lake 375. Ningeweka alama ya kosa nikaendelea, kwani nilikuwa na madaftari mengine mengi ya kusahihisha usiku ule. Badala yake nikamwandikia mama yake: mwombe anielezee kwa sauti alivyofanya. Ujumbe ukaja, wa sekunde kama ishirini: "Nane toa tatu, tano. Saba toa sifuri, saba. Nne toa moja, tatu." Nikaelewa papo hapo. Kila safu alikuwa akitoa namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Alikuwa na kanuni yake kabisa, na aliifuata kwa uaminifu. Alama ya kosa peke yake isingemwambia lolote.

Kuanzia hapo nikabadili utaratibu wa idara nzima. Tulipunguza maswali kutoka ishirini hadi matano kwa juma, na moja kati ya hayo lilikuwa lazima lielezwe kwa sauti. Wapo wazazi waliolalamika kwamba kazi imekuwa chache. Niliwaelewa, maana daftari lililojaa humpa mzazi utulivu, lakini sikurudi nyuma, kwa sababu mwalimu mmoja hawezi kujibu maswali ishirini ya watoto arobaini na kila mtoto akapata neno linalomhusu. Tano anaweza.

Hatukuwafikia wote. Wako waliopotea kwa miezi, simu haziingii, vitini havichukuliwi, na hao bado nawafikiria. Shule ilipofunguliwa hatukuanza na mtihani. Juma la kwanza kila mtoto alikaa na mwalimu dakika chache, akafanya hesabu mbili huku akisema kila hatua. Yule wa 375 nilimpa hesabu ileile. Aliitazama sifuri kwa muda, akasema taratibu: "Makumi hayana kitu, kwa hiyo yanakopa kwa mamia kwanza." Akakata nne akaandika tatu, akakata sifuri akaandika kumi, kisha akaikata kumi nayo, akaandika tisa.