Asidi ya yuriki na milango yake miwili: utumbo na figo

Mtu wa Lamu akiamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba na kinawaka, hata shuka haivumiliki, wa kwanza kulaumiwa ni pweza, dagaa au kamba. Chakula kina sehemu yake, lakini sehemu kubwa ya asidi ya yuriki hutokana na purini (kemikali zilizomo katika vinasaba) za seli zetu wenyewe zinapochakaa. Mamalia wengi wana kimeng'enya cha yurikasi cha kuivunja. Kwa binadamu jeni yake iliharibika mamilioni ya miaka iliyopita. Sisi tunaitoa tu. Ikipita miligramu 6.8 hivi kwa desilita ya damu, yaweza kuganda fuwele maungoni, na hilo ndilo jongo.

Theluthi mbili hivi ya asidi hiyo hutoka mwilini kupitia figo, theluthi moja kupitia utumbo, ambako bakteria huimalizia.

Figo huichuja, kisha hurudisha damuni takriban asilimia 90. Upande wa mkojo, protini ya URAT1 (jeni SLC22A12, kromosomu 11) huivuta iingie ndani ya seli za figo. Upande wa damu, GLUT9 (jeni SLC2A9, kromosomu 4) huipitisha. Aliyezaliwa na URAT1 isiyofanya kazi hapati jongo, ila figo zake zaweza kugoma ghafla baada ya mazoezi makali. Probenesidi, dawa ya jongo, huiziba URAT1, na losatani, dawa ya presha, huiziba kidogo. Pombe hufanya kinyume: huzidisha laktati (kemikali ya damuni), ambayo URAT1 huibadilisha na asidi ya yuriki, hivyo inayorudi damuni huongezeka.

Protini inayostahili kujulikana zaidi ni ABCG2, ambayo jeni yake pia iko kromosomu 4. Hii ni pampu inayotumia ATP (nishati ya seli) kusukuma asidi nje, figoni na utumboni vilevile. Katika badiliko liitwalo Q141K, asidi amino (tofali la protini) ya 141, glutamini, imegeuka lisini, na nguvu ya pampu hupungua karibu nusu. Badiliko hili limeenea zaidi Asia Mashariki kuliko Afrika.

Hapa ndipo vipimo hupotosha. Mlango wa utumbo ukiwa mwembamba, mzigo huhamia figoni. Mkojo ukipimwa, asidi inaonekana nyingi, na mgonjwa huambiwa mwili wake unatengeneza kupita kiasi, kumbe utengenezaji ni wa kawaida na kilichopungua ni njia ya utumbo. Figo zikidhoofika, mambo hugeuka: utumbo hubeba sehemu kubwa zaidi.

Kwa hiyo kipimo kifanywe sawasawa. Mkojo wa saa 24: wa kwanza wa asubuhi umwagwe na saa iandikwe, kisha kila tone likusanywe hadi saa ileile kesho yake, huo wa mwisho ukiwemo. Ukimwagika hata mara moja, jibu litakuwa dogo kuliko ukweli. Damu iliyopimwa maumivu yakiwa makali yaweza kusoma kawaida, basi irudiwe baada ya wiki mbili. Mwambie daktari kama unameza haidroklorothiazidi (dawa ya presha inayokojoza) au aspirini ya dozi ndogo, maana zote hupunguza utoaji figoni.

Alopurinoli, dawa ya jongo, haigusi mlango wowote, hupunguza utengenezaji, kwa hiyo husaidia popote kasoro ilipo. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 100 kwa siku au pungufu figo zikiwa dhaifu, ikapandishwa polepole hadi damu isome chini ya miligramu 6 kwa desilita. Ikipandishwa haraka, fuwele za zamani hutikisika na jongo huchachamaa.