Ukiumia kazini na madeni yakakubana

Wengi wanaonijia kuuliza juu ya kufilisika walikuwa wakilipa mikopo yao vizuri hadi walipoumia kazini. Mshahara umekatika, marejesho hayakusubiri. Kwa hiyo mimi, kama wakili, siwezi kueleza sheria ya madeni bila kugusa sheria ya fidia kwa wafanyakazi.

Zamani aliyeumia ilimbidi amshtaki mwajiri na kuthibitisha uzembe. Mwajiri naye alijitetea kirahisi: uliijua hatari ukaikubali, aliyekosea ni mfanyakazi mwenzako, au wewe mwenyewe ulichangia. Wengi walitoka mahakamani mikono mitupu. Ujerumani ilibadili mambo mwaka 1884 kwa bima ya ajali kazini, Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya 1897, na Marekani jimbo la Wisconsin likaanza mwaka 1911. Msingi wake ni kwamba hutakiwi kuthibitisha kosa la mtu. Inatosha kwamba umeumia ukiwa kazini, kwa sababu ya kazi. Unapata matibabu na sehemu ya mshahara, na ukibaki na ulemavu wa kudumu au ukifariki, kuna malipo yako au ya wategemezi wako. Katika nchi nyingi, ukipata haya huwezi tena kumshtaki mwajiri kwa madai ya kawaida. Lakini kama mashine ilikuwa na kasoro tangu kiwandani, aliyeitengeneza bado unaweza kumshtaki, na watu husahau hilo mno.

Toa taarifa ya ajali mapema, tena kwa maandishi. Mwambie daktari wazi kwamba uliumia kazini ili aandike hivyo kwenye jalada lako. Madai mengi ya haki huanguka hapo tu.

Sasa madeni. Mahakama ikipokea ombi la kufilisika, kwa kawaida wadai huzuiwa kukufuatilia mmoja mmoja. Mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya aliyefilisika, huchukua mali isiyolindwa na sheria, huiuza, huwalipa wadai kwa utaratibu, na deni linalobaki hufutwa. Marekani, anayetumia Sura ya 13 ya sheria ya kufilisika hulipa kidogo kidogo kwa mpango wa miaka 3 hadi 5. England na Wales muflisi, yaani aliyefilisika, kwa kawaida huondolewa madeni yake baada ya miezi 12. Matunzo ya watoto, faini za jinai na madeni ya ulaghai kwa kawaida hayaondoki. Nyumba iliyowekwa rehani, benki bado ina haki nayo. Na mdhamini wako hafutiwi pamoja nawe, kwa hiyo zungumza naye kabla hajasikia kwa mkopeshaji.

Je, wadai wanaweza kuichukua fidia? Sheria nyingi huilinda, na naona ni sawa kabisa, maana pesa hiyo imeshika nafasi ya mshahara na ya mwili uliodhurika. Hata hivyo kinga hiyo hupotea kwa uzembe mdogo. Fidia ikiingia kwenye akaunti yenye pesa nyingine, kesho utashindwa kuonyesha ipi ni ipi. Ukiinunulia gari, gari hilo huenda lisilindwe. Iweke kwenye akaunti ya peke yake na utunze karatasi zote.

Ukijaza fomu za mahakama, yataje madai ya fidia hata kama hayajalipwa. Kuyataja hakukunyimi kinga. Kuyaficha ndiko kunakoweza kukunyima kinga yenyewe na hata msamaha wa madeni. Usikimbilie pia kumlipa kwanza ndugu anayekudai kwa huruma. Malipo ya namna hiyo mfilisi anaweza kuyadai yarudi: Marekani hutazama nyuma mwaka 1 kwa ndugu, England na Wales miaka 2.

Wapo wanaoniuliza itakuwaje akifilisika mwajiri. Mkataba Na. 17 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unazitaka nchi zilizouridhia ziweke njia ya kuhakikisha fidia inalipwa hata mwajiri au kampuni ya bima ikifilisika. Penye bima ya lazima au mfuko wa fidia, peleka madai yako huko moja kwa moja. Usisubiri kampuni iuzwe ndipo uanze kupanga foleni na wadai wengine.